Walialikwa Baghdad, wakabaki Bristol: George na Mary Müller, wazazi wa mayatima elfu kumi

Kama umekulia kanisani, hii stori lazima umeisikia. Asubuhi moja mjini Bristol, Uingereza, watoto mayatima wamekaa mezani. Sahani tupu, vikombe vitupu, jikoni hakuna hata kipande cha mkate. Mzee mmoja anasimama mbele yao na kumshukuru Mungu kwa chakula ambacho hakipo. Kabla watoto hawajaketi vizuri, mwoka mikate anabisha hodi, ameshindwa kulala usiku kucha akaamua awaokee. Halafu gari la maziwa linavunjika gurudumu hapo nje tu, mwenye maziwa anaamua kuyagawa.

Huyo mzee ni George Müller. Hiyo stori kila mhubiri anaisimulia na chumvi yake, na leo naiacha hapo hapo. Jamaa aliweka rekodi ya karibu kila peni iliyopita mikononi mwake kwa zaidi ya miaka 60, na ukweli ulio kwenye zile hesabu unanishangaza kuliko mkate na maziwa. Tena kwenye stori ya mkate huwa hatajwi mke wake. Mary haonekani. Ilhali bila Mary hakungekuwa na hiyo meza.

Tuanze na kijana mwenyewe, maana hakuanza akiwa mtakatifu.

Müller alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 katika kijiji cha Kroppenstedt, Prussia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkusanya ushuru wa serikali, kwa hivyo pesa za serikali zilikuwa zinalala nyumbani. Kijana akawa anazidokoa. Baba alipoanza kuhesabu kwa makini, akamnasa akiwa amezificha kwenye kiatu. Usiku mama yake anafariki, George, miaka 14, alikuwa anacheza karata hadi saa nane za usiku, na kesho yake akazurura mjini akiwa amelewa. Hakujua hata kama mama anaumwa kiasi hicho.

Akiwa na miaka 16 alikuwa na tabia moja ambayo mtaani tunaijua sana: kuingia hoteli safi, kula, kulala, kuishi kama mtoto wa tajiri, halafu siku ya kulipa anayeyuka. Huko Wolfenbüttel hakuyeyuka haraka ya kutosha. Alifungwa jela wiki kadhaa mpaka baba akatuma pesa za kulipa deni.

Sasa baba huyo alikuwa na mpango. Alitaka George asomee uchungaji. Si kwa sababu ya wito, hapana. Enzi hizo mchungaji wa kanisa la serikali alikuwa na mshahara wa uhakika na nyumba nzuri, na mzee alikuwa ameshapiga hesabu ya kwenda kuishi kwa mwanawe uzeeni. Kwa hiyo George akaingia Chuo Kikuu cha Halle kusomea theolojia, huku bado anakopa, anakunywa, anadanganya. Mimi niliyeacha chuo njiani nasoma hapa nacheka kidogo, kwa sababu huyu alikuwa darasani kabisa na bado hakuwa na Biblia yake chumbani.

Novemba 1825, rafiki yake mmoja anayeitwa Beta akamwambia anahudhuria mkutano mdogo wa maombi kila Jumamosi kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja. George akataka kuona. Huko akaona kitu kipya kwake: mtu mzima amepiga magoti anaomba. Mwanafunzi wa theolojia, miaka 20, hajawahi kuona mtu akipiga magoti kuomba! Usiku huo ukambadilisha. Hakuacha kila kitu siku moja, lakini njia ilikuwa imegeuka.

Na jambo la kwanza alilotaka baada ya hapo lilikuwa kuwa mmishenari. Baba akakasirika vibaya, ule mpango wa nyumba ya mchungaji ulikuwa unayeyuka. George naye akaamua hatachukua tena pesa za baba kwa sababu haziendani na njia aliyoichagua. Akabaki bila karo. Bahati ikaja kupitia maprofesa wachache wa Kimarekani waliokuwa Halle bila kujua Kijerumani, mmoja wao Charles Hodge wa Princeton. Müller akawa mwalimu wao wa lugha na wakamlipa vizuri.

Kwa muda akiwa mwanafunzi aliishi pia kwenye vyumba vya bure vilivyotolewa kwa wanafunzi maskini wa theolojia katika nyumba kubwa ya mayatima pale Halle, iliyoanzishwa na August Hermann Francke zaidi ya miaka 100 nyuma. Weka hilo akilini.

Umishenari wenyewe ulimkataa kataa. Alipanga kwenda Bucharest, vita kati ya Warusi na Waturuki ikafunga njia. Akataka kujiunga na shirika la London lililohubiria Wayahudi, jeshi la Prussia likasema hapana, wewe bado una deni la kuvaa magwanda. Ilibidi augue sana ndipo madaktari wa jeshi wakasema hafai, akapewa pasipoti. Alifika London mwaka 1829, akajikondesha kwa kusoma, akaugua tena, wakampeleka kupumzika Teignmouth, mji mdogo wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza. Hapo akapata rafiki wa maisha, Mskoti Henry Craik. Na akapata kanisa dogo la kuchunga, kwa mshahara wa pauni 55 kwa mwaka.

Na hapo ndipo Mary anaingia.

Mary Groves alikuwa na umri wa miaka 33 hivi, George 25. Alisoma vizuri, alijua kushona na kutambua kitambaa kizuri kwa kukigusa, na alijua hesabu. Kaka yake, Anthony Norris Groves, alikuwa daktari wa meno mjini Exeter mwenye kipato cha kuonewa wivu. Huyu Groves alikuwa ameandika kijitabu akisema Mkristo asijilimbikizie mali duniani, na tofauti na wengi wanaoandika mambo kama hayo, alikifanya alichokiandika. Aliacha kazi, akatoa mali yake, na mwaka 1829 akafunga safari na mke wake na watoto kwenda Baghdad kuwa mmishenari bila shirika lolote la kumlipa mshahara.

Kwa hivyo Mary alipokubali kuolewa na Mjerumani asiye na kitu, alikuwa ameshaona kwa macho yake familia ikiuza kila kitu na kuondoka. Walifunga ndoa tarehe 7 Oktoba 1830. Hakuna karamu, hakuna fungate. Walipanda gari la farasi kurudi Teignmouth na kesho yake wakaanza kazi.

Wiki chache tu ndani ya ndoa, George akaja na wazo ambalo leo lingeleta vikao vya wazee wa pande zote mbili: tuache mshahara. Mshahara wa kanisa ulitokana na kukodisha viti, tajiri analipia kiti cha mbele, maskini anakaa nyuma, na yeye hakuweza kulihubiri hilo kwa dhamiri safi. Akataka waweke sanduku tu mlangoni, mwenye kutoa atoe, na wao wasimwombe mtu yeyote hata senti. Mary akakubali. Wakauza na kugawa hata kile kidogo walichokuwa nacho.

Mimi hapa nasimama kwanza. Vitabu vingi hupita haraka kwenye hii sentensi ya "Mary akakubali". Yeye ndiye angekwenda sokoni. Mwaka 1831 alijifungua mtoto aliyekufa tumboni, akaumwa wiki nyingi, na daktari alihitaji kulipwa kutoka kwenye lile sanduku. Imani ya George tunaisifu, sawa, lakini hiyo ya Mary ilikuwa na hesabu za jikoni ndani yake.

Mei 1832 wakahamia Bristol pamoja na Craik, kuchunga makanisa mawili. Walifika mji uko taabani. Kipindupindu kiliingia mwaka huo huo na kuua watu kwa mamia. Wachungaji hawa wawili walikuwa wanaamshwa usiku kwenda kuketi na wanaokufa. Katikati ya hayo, Septemba 1832, Mary akajifungua binti, Lydia.

Na Januari 1833 ikaja barua kutoka Baghdad.

Wamishenari wa huko walikuwa wanawaalika Müller na Craik waende kujiunga nao. Si mwaliko wa maneno matupu: barua ilikuja na hundi za pauni 200 za nauli. Fikiria, mshahara alioacha ulikuwa pauni 55 kwa mwaka. Kijana aliyekataliwa na vita, jeshi na ugonjwa, sasa nauli iko mezani.

Lakini familia ilijua pia kilichotokea Baghdad. Mwaka 1831 tauni iliupiga mji ule, mto Tigris ukafurika na kubomoa maelfu ya nyumba, na baada ya mafuriko vita. Mke wa Groves, wifi yake Mary, alikufa kwa tauni mwezi Mei mwaka huo. Mtoto wao mchanga akamfuata miezi michache baadaye. Na sisi Wakenya tunalijua hilo bila kwenda mbali. Mjerumani mwingine, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, na ndani ya miezi michache Rosine na binti yao mchanga walikuwa wamekufa kwa homa. Kaburi la Rosine lipo upande wa bara wa Mombasa hadi leo. Kwenda misheni miaka ile hakukuwa picha ya kupiga uwanja wa ndege na fulana zinazofanana. Ulimfungia mkeo mizigo ukijua unaweza kumzika.

Müller aliomba, akatafakari, akashauriana. Mwisho wakabaki. Craik pia akabaki. Nadhani uamuzi ule ndio mkubwa kuliko wote maishani mwao, ingawa hauna drama yoyote: watu waliamka kesho yake wakaendelea na kazi kwenye mitaa ile ile michafu ya Bristol.

Mitaa yenyewe ilikuwa imejaa watoto. Kipindupindu kilikuwa kimeacha mayatima. Sheria mpya ya maskini ya mwaka 1834 ilisukuma wasiojiweza kwenye majumba ya kazi, ambako familia zilitenganishwa na chakula kilikuwa adhabu. Nyumba za mayatima zilizokuwepo Uingereza zilikuwa chache, na nyingi ukiingia ilitegemea kura za wafadhili, yaani mtoto alihitaji ndugu wa kumpigia kampeni. Yatima wa maskini kabisa hakuwa na wa kumpigia.

Halafu msiba ukagonga nyumbani kwao wenyewe. Walikuwa wamepata mtoto wa kiume mwaka 1834, Elijah. Juni 1835 babake Mary alifariki, na ndani ya wiki hiyo hiyo Elijah naye akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Babu na mjukuu wakazikwa kaburi moja. Müller mwenyewe akaumwa. Wakabaki na Lydia peke yake.

Miezi mitano baadaye, Novemba 1835, Müller akiwa mgeni kwenye nyumba ya watu akaona kwenye rafu kitabu cha maisha ya Francke. Yule yule wa Halle, mwenye nyumba ya mayatima alikolala bure akiwa mwanafunzi. Akakisoma, na wazo likamshika. Sisemi kwamba walitafuta mayatima ili kufuta machozi ya Elijah. Hakuna mahali alipoandika hivyo, na sababu aliyoitoa yeye ni nyingine na ni ya ajabu kidogo: alitaka Wakristo waliochoka, wanaohangaika na kazi na madeni, waone kwa macho kwamba Mungu bado anajibu maombi. Mayatima wangekuwa ushahidi. Kama watoto hawa watalishwa bila yeye kumwomba mtu yeyote pesa, basi hakuna wa kubisha.

Sentensi hiyo ya mwisho inanipa shida, na nitairudia. Kwanza maandalizi.

Mwezi Desemba akalitangaza wazo lake. Hakupitisha sahani ya sadaka. Vitu vikaanza kufika kidogo kidogo na yeye akaandika kila kimoja. Shilingi moja. Sahani 28, mabakuli matatu, jagi moja, vikombe vinne, visu vinne, uma tano. Mshonaji mmoja mgonjwa mgonjwa, aliyepata shilingi chache tu kwa wiki, akaleta pauni 100. Müller akashtuka, akaenda kumuuliza kama ana akili timamu, maana hakutaka pesa ya mtu aliyetoa kwa mihemko. Kumbe mama huyo alirithi pauni 480 na alikuwa ameshaamua. Hiyo ndiyo pesa nzito ya kwanza ya kazi ile, ilitoka kwa fundi wa kushona.

Wakakodisha nyumba nambari 6 Wilson Street, nyumba ambayo wao wenyewe walikuwa wamekaa. Nafasi 30, kwa wasichana. Vitanda vipo, nguo zipo, walezi wapo. Siku ya kupokea maombi, mapema Februari 1836, Müller akaketi ofisini kanisani akisubiri.

Hakuja mtu. Saa mbili nzima, hata yatima mmoja hakuletwa.

Njiani akirudi nyumbani akagundua kitu: alikuwa ameomba pesa, nyumba, walezi, sahani, kila kitu isipokuwa watoto wenyewe. Alidhani hao hawaombewi, wako wengi tu. Jioni hiyo akaomba. Kesho yake ombi la kwanza likaja, na kabla mwezi haujaisha yalikuwa 42. Aprili milango ikafunguliwa. Mwaka huo huo wakafungua nyumba ya pili kwa watoto wadogo, na mwaka 1837 ya tatu kwa wavulana, zote mtaa huo huo.

Kuanzia 1838 hivi wakaingia kwenye kusota kwenyewe. Kuna siku nyingi ambazo asubuhi hakukuwa na pesa ya maziwa ya jioni. Sheria ya nyumba ilikuwa hakuna kukopa, hakuna kununua kwa deni, na hakuna kumwambia mtu wa nje kwamba mambo ni magumu. Wafanyakazi walijua. Walitoa peni zao wenyewe, wengine wakauza vitu vyao. Rekodi zinaonyesha pesa ikifika saa chache kabla ya chakula, mara nyingine dakika. Watoto hawakujua, na hawakukosa mlo.

Wakosoaji wake wamesema, na wana hoja, kwamba kila mwaka alichapisha ripoti ndefu yenye kila senti na kila jibu la maombi, na ripoti ile ilisomwa kotekote. Kama hiyo siyo kuomba msaada, basi ni nini? Kwa lugha ya leo jamaa alikuwa na content kali sana na hakuweka paybill. Lakini kuna mwaka mambo yalikuwa mabaya kabisa na wakati wa ripoti ukafika, naye akaichelewesha makusudi, ili watu wasisome wakaona shida na kumtumia pesa kwa huruma. Hilo halifanyi mtu wa matangazo.

Mwaka 1845 jirani mmoja akaandika barua ya heshima kulalamika: kelele, maji, mitaro ya maji taka. Nyumba nne za watoto kwenye mtaa mmoja! Müller akakubali kwamba jirani ana haki. Akatafuta ardhi mlimani nje ya mji, Ashley Down. Mwenye shamba alitaka pauni 200 kwa ekari, halafu akaamka alfajiri akiwa amekosa usingizi na kumshushia hadi 120. Juni 1849 watoto wakahamia jengo la kwanza, nafasi 300. La pili 1857, la tatu 1862, na kufikia 1870 majengo yalikuwa matano ya mawe, nafasi 2,050. Jarida la Charles Dickens liliandika kuhusu kazi hiyo mwaka 1857, na halikumdharau.

Baridi ilipoingia mwaka huo, boila ya kupasha joto jengo la kwanza ikaanza kuvuja. Ilibidi moto uzimwe mafundi waingie, watoto 300 ndani, upepo wa kaskazini unauma. Müller akaomba mambo mawili: upepo ugeuke utoke kusini, na mafundi wawe na moyo wa kazi. Siku ya ukarabati upepo ukageuka. Jioni bosi akawauliza mafundi kama watarudi kesho mapema, wakasema tutakesha hapa hapa. Uamini au usiamini, mimi nilipenda kwamba aliombea pia mafundi wasitege kazi. Anayejenga Kenya ataelewa.

Na Mary wapi? Mary alikuwa stoo. Alinunua vitambaa kwa maelfu ya mita, akakagua shuka, blanketi na nguo kwa vidole vyake, akapitia vitabu vya hesabu vya matroni kila mwisho wa mwezi, akazunguka wodi za wagonjwa. Alifanya hivyo karibu kila siku kwa zaidi ya miaka 30. Mwenye kuona vitanda zaidi ya 1,000 vimetandikwa safi alikuwa anaona kazi ya Mary.

Sasa nirudi kwenye lile lililonipa shida. Mtoto akiwa ushahidi wa imani ya mtu mwingine, ni nani anamuuliza mtoto? Nyumba ile ilikuwa na masharti. Ulipokelewa kama wazazi wote wawili wamekufa, kama huna kitu, na kama ulizaliwa ndani ya ndoa halali. Mtoto wa nje ya ndoa hakuwa na nafasi Ashley Down, hata awe na njaa vipi. Mtu alimwombea Mungu upepo ugeuke lakini hilo lango hakulifungua. Ilikuwa kawaida ya wakati wake, najua. Bado inauma.

Upande wa pili, aliwasomesha wakati ambapo watoto wa maskini walikuwa viwandani. Kuna waliomlaumu kwamba anawapandisha hadhi maskini na kuwanyima matajiri vibarua. Wavulana waliondoka karibu na miaka 14 kujifunza ufundi, wasichana walikaa hadi 17 hivi na wengi wakawa wafanyakazi wa nyumbani, walimu wasaidizi au wauguzi. Kila mmoja aliondoka na Biblia na sanduku lake la nguo. Na hakufukuzwa mtu kwa sababu umri umefika; walisubiri mpaka kazi ipatikane.

Hapa Kenya tuko kwenye mjadala huu huu. Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao na kurudi kwa jamaa au familia za kuwalea, na wengi walio kwenye makao yetu wana mzazi au ndugu aliye hai. Wakati huo huo kila likizo kuna vikundi, vya hapa na vya ng'ambo, vinapanga safari ya kwenda kutumikia mayatima kwa siku nne, peremende mkononi na simu juu. Mtoto anashika mkono wa mgeni, anazoea jina lake, basi linaondoka. Sisemi msipeleke unga. Nasema tu kwamba George na Mary waliofungiwa nauli ya kwenda mbali walikaa na watoto walewale mpaka wakakua. Hata shirika alilolianzisha liliuza yale majengo makubwa mwaka 1958 na kuhamia nyumba ndogo za kifamilia, kwa sababu jengo la mawe la watoto mamia halikuwa tena njia nzuri ya kulea mtu.

Mary alifariki tarehe 6 Februari 1870, baada ya miaka 39 na miezi minne ya ndoa. Müller alihubiri mwenyewe kwenye mazishi ya mkewe, na mayatima kwa mamia wakatembea nyuma ya jeneza. Mwaka uliofuata alioa tena, Susannah Sangar, mwanamke wa Bristol aliyemfahamu kwa miaka mingi. Lydia, aliyekuwa anafanya kazi kwenye nyumba zile bila malipo, akaolewa mwaka huo huo na James Wright, msaidizi wa babake.

Halafu, 1875, mzee wa miaka karibu 70, kazi ya mayatima ikiwa mikononi mwa Wright, akafungasha mizigo. Ile safari ya kijana wa Halle ikaanza. Kwa miaka 17 yeye na Susannah walisafiri kama maili 200,000 katika nchi 42 kwa meli na treni, wakihubiri: Marekani, ambako Rais Hayes aliwapokea Ikulu mwaka 1878, Misri, India, Australia, China, Japan. Susannah alikuwa anapanga, anatunza, anaandika kumbukumbu. Baghdad haimo kwenye orodha.

Safari zilikuwa na bei yake pia. Januari 1890 wakiwa Jubbulpore, India, simu ya maandishi ikafika: Lydia amekufa. Mtoto pekee aliyebaki wa George na Mary alizikwa baba akiwa upande mwingine wa dunia.

Susannah alitangulia mwaka 1894. Tarehe 10 Machi 1898, asubuhi, mtumishi aliyempelekea chai alimkuta Müller, miaka 92, sakafuni kando ya kitanda, amefariki. Bristol ilisimama. Maelfu walijipanga barabarani, watoto wa Ashley Down wakiwa ndani ya msafara, hadi makaburi ya Arnos Vale anakolala na wake zake wote wawili.

Maishani mwake karibu pauni milioni 1.5 zilikuwa zimepita mikononi mwake, na watoto 10,024 walikuwa wamelelewa kwenye zile nyumba. Pesa alizopewa yeye binafsi, zaidi ya pauni 81,000, alizigawa. Wosia ulipofunguliwa, mali yote aliyoacha, pamoja na vitabu na fanicha, ilikuwa kama pauni 160.